Majilio ya mkulima: namna ya kuingoja Noeli kwa wiki nne ukiwa na kazi mikononi

Kwetu Ruvuma Majilio huja na jembe. Mvua za kwanza huanza kudondoka mwishoni mwa Novemba, na Dominika ya kwanza ya kipindi hiki huwakuta nusu ya waumini wana udongo kwenye kucha. Marehemu baba yangu alikuwa katekista wa kigango na mkulima wa mahindi, na sikumbuki hata siku moja aliyofundisha habari ya kungoja bila kutaja mbegu. Mtu aliyekaa barazani na macho juu wakati shamba lake limejaa magugu, alikuwa akisema, huyo hangoji mvua, anatazama mawingu tu. Anayengoja mvua ameshalima. Mbegu ameshanunua, na mbolea ya kupandia iko nyuma ya mlango, imefungwa isiingie unyevu.

Mimi sasa naishi Dar es Salaam, na huku Majilio huja na matangazo ya punguzo la bei. Tarehe 1 Desemba maduka yameshapiga nyimbo za Noeli mpaka zimechosha, ujumbe wa michango ya harusi umejaa kwenye simu, na kila unayekutana naye anauliza unasafiri lini. Noeli yenyewe inafika tumeshaila zamani. Mwongozo huu ni kwa familia iliyo katika hali hiyo, yenye watoto, kazi na mfuko unaovuja, lakini ingependa mwaka huu ilime kabla ya mvua. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo tarehe na maneno ni ya kwetu. Walutheri, Waanglikana na Wamoravian watakuta mengi ni yale yale.

Kwanza jua unamngoja nani

Warumi wa kale walitumia neno adventus kwa ujio wa mtawala anapoingia mjini. Barabara zilifagiliwa, watu wakatoka nje ya lango kumlaki. Kiswahili chetu kimelitoa neno hili kwenye kitenzi cha kuja, na mimi nikilisikia "Majilio" nasikia ndani yake kujiwa, maana yake kuna mtu anayekuja na kuna anayefikiwa.

Bernardo wa Clairvaux, abate wa karne ya 12, aliwafundisha watawa wake kwamba Kristo anakuja mara tatu: alikuja katika mwili pale Bethlehemu, atakuja katika utukufu mwisho wa nyakati, na kati ya hizo mbili anakuja kimya kimya moyoni mwa mtu. Mafundisho haya yana kazi ya moja kwa moja kwenye kalenda yako. Toka Dominika ya kwanza hadi tarehe 16 Desemba, Kanisa linaangalia zaidi ujio wa mwisho. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 ndipo linageukia kuzaliwa kwa Bwana. Wengi wetu tunaanza na mtoto horini tangu siku ya kwanza, halafu tunashangaa kwa nini Injili inazungumzia gharika ya Nuhu na mwizi anayevunja nyumba usiku. Padre hajakosea ukurasa. Ni sisi tuliowahi.

Hatua ya kwanza: weka tarehe ukutani

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba. Kwa hiyo hayaanzi kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Mwaka 2026 yanaanza 29 Novemba, mwaka 2027 ni 28 Novemba, na mwaka 2028 ni 3 Desemba. Huo wa 2028 uangalie vizuri: Noeli itakuwa Jumatatu, hivyo Dominika ya nne ndiyo siku yenyewe ya mkesha, na Majilio yote yatakuwa siku 22 tu. Anayezoea kusema "wiki nne" atajikuta amepunjwa karibu wiki nzima.

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya parokia au hata ya duka la dawa, uzungushie duara Dominika nne. Kisha weka alama tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 13, siku ya Mtakatifu Lusia, na tarehe 17 zinapoanza siku nane za mwisho. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru na watu hawaendi kazini. Hiyo itunze, tutaitumia kwenye hatua ya nne.

Kama kwenu ni kigango na padre haji kila wiki, muulize katekista mapema padre atafika lini mwezi huo. Iandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu kuliko zote.

Hatua ya pili: tengeneza shada, usinunue

Shada la Majilio lenye mishumaa lina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1839 mchungaji Mlutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku Noeli imefika? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Dominika, watoto wakawa wanahesabu wenyewe. Wakatoliki wa Ujerumani waliichukua desturi hiyo katika karne ya 20. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema shada ni la Wakatoliki peke yao, mweleze taratibu kwamba tuliliazima.

Nalisimulia hili kwa sababu ya lile gurudumu. Kitu cha kwanza kilikuwa chombo kilichokuwepo nyumbani. Mwaka mmoja nilinunua seti nzuri dukani, mishumaa ya rangi imefungwa kwa utepe, na joto la Desemba la Dar likaipinda yote kabla ya Dominika ya pili ikawa kama ndizi. Siku hizi tunatumia sinia lenye mchanga, mishumaa minne meupe ya kawaida ya dukani, na majani mabichi ya mti wowote usionyauka upesi. Rangi ya zambarau tunaipata kwenye kipande cha kitenge cha zamani kilichozungushwa sinia. Dominika ya tatu, ile ya kufurahi, tunaongeza utepe wa rangi ya waridi.

Washa mshumaa mmoja wiki ya kwanza, miwili ya pili, na kadhalika, na uwashe wakati wa sala tu. Weka mbali na pazia na chandarua. Mtu mzima ndiye anayezima, mtoto anaruhusiwa kupuliza.

Hatua ya tatu: dakika kumi za jioni

Familia nyingi huanza na mpango mkubwa, rozari nzima, masomo yote na nyimbo tatu, na Jumatano ya kwanza mpango umekufa. Anza na dakika kumi. Kaeni kabla ya chakula, si baada, kwa sababu baada ya ugali hakuna anayesali, watu wanasinzia. Fanyeni ishara ya msalaba, washeni mshumaa, mmoja asome aya chache za somo la siku. Mnyamaze dakika mbili. Kama kuna mtoto wa miaka sita, anza na nusu dakika na usimkemee akicheka. Kisha kila mtu ataje jina la mtu mmoja anayemwombea, Baba Yetu, na mmalizie kwa sala ya Malaika wa Bwana.

Nini kisomwe? Ukiwa na kalenda ya liturujia, fuata masomo yake. Wiki ya kwanza karibu yote ni nabii Isaya: mlima wa Bwana, chipukizi la shina la Yese, karamu ya mlimani. Jumamosi ya wiki hiyo kuna somo ambalo kijijini kwetu watu hulisikiliza wameinama mbele, Isaya sura ya 30, pale Mungu anapoahidi kunyeshea mbegu zilizopandwa ardhini. Mhubiri hahitaji kuongeza neno. Mawingu yako dirishani.

Kama huna kalenda, kuna njia ya mkato ninayoipenda: Injili ya Luka ina sura 24. Soma sura moja kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba, ukitaka kipande tu cha sura, hasa ile ya kwanza ambayo ni ndefu. Utafika mkesha wa Noeli ukisoma habari za kaburi tupu na wale wawili wa Emau. Mwanzo nilidhani mpangilio huo una kasoro. Siku hizi naungojea.

Jambo moja zaidi la jioni, na hili watoto wangu hawalipendi: simu zote zinakaa kwenye kabati la vyombo kuanzia saa mbili usiku. Majilio si Kwaresima. Kanisa halijaamuru mfungo kama ule, ingawa zamani za kale hali ilikuwa tofauti. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Mâcon huko Ufaransa mwaka 581 uliagiza mfungo wa siku tatu kwa wiki toka sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Leo umeachiwa wewe uchague. Chagua kitu kimoja kinachokula muda wako wa kungoja. Kwangu ni simu, na nakiri kwamba Majilio yaliyopita niliifungua kabati mara nne.

Hatua ya nne: lima shamba

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo tunaporuka. Tunapenda mishumaa.

Wiki ya pili na ya tatu anaingia Yohane Mbatizaji, na katika mwaka C (masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C), Dominika ya tatu, inasomwa ile sehemu ya Luka ambapo watu wanamuuliza swali la vitendo kabisa: tufanye nini basi? Angeweza kuwaambia wasali zaidi. Anawaambia mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasizidishe kiwango walichopangiwa. Askari wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, waridhike na mishahara yao. Hakumwambia hata mmoja ahame kazi yake. Alimwonyesha kila mmoja palepale pesa inapopita mkononi mwake.

Kwa hiyo chukua daftari, siku ya Uhuru ni nzuri kwa kazi hii kwa kuwa uko nyumbani, uandike kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni madeni. Sisemi mkopo wa benki. Yale madogo yasiyo na karatasi: mama wa genge aliyekuandikia nyanya na mafuta tangu Oktoba, fundi cherehani, bodaboda wa asubuhi, mwenzako wa kikoba uliyemwambia "kesho" mara saba. Anza na dada wa kazi kama unaye. Mshahara wake wa Desemba mpe kabla ya tarehe 20, pamoja na nauli, kwa sababu naye ana kwao, na nauli ya mwezi huu mnaijua wenyewe. Nimeona nyumba zenye pango la Noeli la kupendeza sebuleni, na msichana aliye jikoni hajalipwa miezi miwili. Katika nyumba ile Yohane angeingilia mlango wa jikoni.

Kama wewe ndiye mfanyabiashara, ukurasa huu una swali la ziada. Unapandisha bei kwa sababu mzigo umepanda, au kwa sababu umejua watu hawana pa kwenda? Jibu unalo, huhitaji padre.

Kuna madeni utakayoshindwa kuyalipa mwezi huu. Nenda kwa mwenye deni kabla hajakufuata, umwambie ukweli na utaje tarehe. Deni lililozungumzwa linalaza watu wawili.

Ukurasa wa pili ni mgumu zaidi: watu msiosemeshana. Andika majina. Mimi niliandika jina la kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki tuligombana juu ya mpaka wa shamba, hatua kama tano za ardhi, na miaka minne ikapita tukikutana misibani tu na kusalimiana kama wageni. Majilio ya mwaka wa nne nilimpigia. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe: "Kaka, shikamoo. Nilitaka kujua mvua zimeanza." Siku ya pili akapiga yeye, akaniuliza kama huko mjini nimesikia bei ya mbolea. Tukazungumza bei ya mbolea dakika kumi na moja, nilizihesabu kwenye simu. Habari ya mpaka hatukuigusa. Ilichukua mwaka mwingine mzima mpaka tukasimama shambani na mwenyekiti wa kitongoji, tukapima, tukapanda minyaa.

Nimelisimulia ili ujue kiasi cha kutegemea. Wiki nne hazitoshi kumaliza ugomvi wa miaka. Zinatosha kung'oa gugu la kwanza. Usimwandikie mtu ujumbe mrefu wenye hoja na tarehe za makosa yake, mwulizie mvua. Na kama aliyekukosea ni mtu hatari, aliyekupiga au kukudhulumu mwili, hatua hii haikulazimishi kurudi mikononi mwake. Zungumza na padre, mchungaji au mtu mwingine mwenye busara, na usalama wako utangulie.

Mwaka A, Dominika ya tatu, husomwa Waraka wa Yakobo sura ya 5, juu ya mkulima anayeyavumilia mazao ya nchi mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Baba alilisoma somo hilo kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

Hatua ya tano: bajeti, kwa kifupi

Dominika ya pili jioni, baba na mama wakae na kalamu. Chukueni bahasha, mwandike JANUARI, mtie humo kwanza ada, sare na kodi ya nyumba. Kinachobaki ndicho cha sikukuu: mchele, nyama, nguo moja moja. Kama hakuna kinachobaki, watoto waambiwe mapema. Mtoto aliyeambiwa tarehe 6 kwamba mwaka huu hakuna viatu vipya atanuna siku mbili. Aliyegundua tarehe 25 asubuhi atakumbuka mpaka anaoa.

Hatua ya sita: ungama kabla ya foleni

Tarehe 23 Desemba foleni ya kitubio katika parokia za mjini huzunguka kanisa. Padre mmoja, watu mia, jua kali. Unaungama kwa pumzi moja na unapewa malipizi kwa pumzi moja. Nenda wiki ya pili au ya tatu, siku ya kazi, wakati padre bado ana muda wa kukuuliza swali. Parokia nyingi hupanga siku ya kitubio cha pamoja na mapadre kadhaa, sikiliza matangazo. Kijijini, tumia ile tarehe ya kalamu nyekundu, kwa maana mkesha wenyewe padre atakuwa akikimbia kigango hadi kigango na pengine kwenu mtasali ibada na katekista.

Kuchunguza dhamiri, tumia lile daftari. Kurasa zote mbili.

Hatua ya saba: mtembelee anayengoja kuliko wewe

Leteni suala hili kwenye jumuiya ndogo ndogo mapema, Jumamosi ya kwanza ikiwezekana. Kila jumuiya ina mtu anayengoja kitu kizito: mama aliyebakiza wiki tatu kujifungua, mzee anayengoja majibu ya hospitali, kijana aliyemaliza chuo na bahasha za maombi ya kazi zimejaa droo, mke ambaye mumewe yuko mahabusu. Msiende kumfundisha uvumilivu, anao kuwazidi. Pelekeni sabuni, sukari, unga, mkae, mnyamaze kidogo, msali Malaika wa Bwana, mwondoke kabla hajaanza kuhangaika kuwapikia.

Mkitaka kwenda gerezani, ombeni kibali kwa mkuu wa gereza mapema. Na kama ni kituo cha watoto yatima, nawasihi msiende tarehe 25. Siku hiyo watoto wale hupokea wageni makundi kwa makundi, soda juu ya soda, picha juu ya picha. Nendeni tarehe 12 Desemba, halafu tarehe 14 Januari ambapo hakuna anayekuja, mkiwa na daftari na kalamu za shule.

Hatua ya nane: siku nane za mwisho

Tarehe 13 Desemba kuna kitu kidogo cha watoto. Wakroatia na Wahungaria hupanda ngano kwenye sahani siku ya Mtakatifu Lusia, ikafika Noeli imechipua kijani kibichi mezani. Sisi tunapanda mahindi kwenye sufuria iliyotoboka: udongo, punje kumi, maji kidogo kila jioni baada ya sala. Usimwagie mtoto, mwache amwagie mwenyewe. Siku ya tano au ya sita kutakuwa na kelele ndani ya nyumba.

Tarehe 16 jumuiya nyingi huanza Novena ya Noeli. Na tarehe 17 inaanza hazina ambayo walei wengi hawajawahi kuonyeshwa. Kila jioni hadi tarehe 23, kwenye Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, huimbwa antifona moja, yaani kiitikio kifupi, inayomwita Kristo kwa jina lake la kale, na neno hilo hilo husikika Misani kabla ya Injili: Ee Hekima, Ee Bwana, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Macheo, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Husemwa kwamba watawa wa kale waliozitunga walificha kitendawili ndani yake. Chukua herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, uzisome kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, zinakuwa ero cras: kesho nitakuwapo. Yaani wiki nzima wao wanamwita, naye anawajibu kutoka upande wa pili.

Nyumbani tunafanya hivi. Kila jina linaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya shada, mtoto mmoja kwa siku. Kisha tunaliunganisha na mtu. Siku ya Ufunguo wa Daudi, tarehe 20, tunawaombea wafungwa, kwa sababu antifona yenyewe inaomba aliyefungwa atolewe gerezani. Siku ya Macheo, tarehe 21, tunaamka kabla ya jua, tunatoka nje, tunaliangalia likichomoza. Sala yote ni hiyo.

Wengi mtakuwa safarini siku hizi. Sisi tunapanda basi la alfajiri kwenda Songea, zaidi ya kilomita 900, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, na shada haliwezi kusafiri na mishumaa inayowaka. Karatasi za majina zinasafiri. Mwaka mmoja, basi limeharibika karibu na Makambako na abiria wamekasirika, binti yangu alitoa karatasi ya siku hiyo akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akauliza ni nini, akaambiwa, akaanza kuimba wimbo wa Majilio wa Kilutheri ambao sikuufahamu. Fundi alipomaliza, kwaya ilikuwa na watu sita.

Mkesha

Tarehe 24 msipange kazi kubwa baada ya saa tisa alasiri. Nyama iwe imeshakatwa, nguo zimepigwa pasi. Pango kama mnalo, hori liwe tupu hadi mtakaporudi kutoka Misani. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayemlaza Mtoto Yesu, hata kama amelala mgongoni mwa mama yake itabidi aamshwe, hatasamehe msipomwamsha.

Misani, sikiliza jambo moja. Dominika zote nne za Majilio hatukuimba Utukufu kwa Mungu juu. Wimbo huo umeanza na malaika wa Bethlehemu, kwa hiyo ulinyamazishwa makusudi, uwangoje wao. Padre akiuanzisha usiku huo, kengele zikalia na vigelegele vikajibu, angalia nyuso za wazee. Wao wanajua walikuwa wakingoja nini.

Mkirudi, washeni mishumaa yote minne kwa mara ya mwisho, iacheni iishe yenyewe mezani huku mtu mzima akikaa nayo. Mahindi ya kwenye sufuria mama huyahamishia nyuma ya jiko tarehe 26. Juzijuzi moja lilizaa kibunzi kimoja, punje chache tu, na kuku wa jirani akatuwahi.